Mbwa wa Komadre Ofelia

Watu wa mbwa wa mji wa Puebla walikuwa na mzaha wao: ukitaka kujua una meno mangapi kinywani, mwendee Hortensia Arizmendi, atakuhesabia amefumba macho. Alikuwa mwamuzi wa mashindano ya mbwa, hasa hawa wadogo, chihuahua, wanaoenea kwenye mfuko wa koti na kubweka kana kwamba mtaa mzima ni mali yao. Alikuwa mwanamke mfupi, nywele amezibana nyuma, miwani inaning'inia kifuani kwa mnyororo, na koti la buluu alilojishonea mwenyewe. Akiingia ulingoni, waliokuwa wanapayuka walishusha sauti. Alilipenda hilo. Alilipenda kupita kiasi, na ndilo lililomponza.

Koti hilo hakuzaliwa nalo. Alikuwa mjane kijana mwenye kiduka cha vifungo, nyuzi na zipu nyuma ya soko, asiyejua mbwa wala paka, siku Ofelia Tecuapetla alipoingia kununua lastiki. Kifuani mwa aproni ya Ofelia kilikuwa kimechungulia kichwa kidogo chenye masikio makubwa.

"Hicho nini, panya?" Hortensia aliuliza.

"Panya? Huyu ana ukoo kukuzidi wewe, bibi wa vifungo."

Wakacheka mpaka mteja mwingine akaondoka bila kuhudumiwa. Ofelia alikuwa anauza cemita sokoni, ile mikate ya ufuta inayojazwa nyama ya kukaanga, jibini, parachichi na majani ya pápalo, na foleni yake asubuhi ilikuwa inafika mpaka kwa wauza maua. Mbwa alifuga juu ya paa la nyumba yao, kama alivyofuga baba yake, tangu enzi ambazo hakuna aliyefikiria kuwapa mbwa vyeti. Wiki ile ile alirudi dukani na mtoto jike wa rangi ya mdalasini, akamweka juu ya kaunta kati ya maboksi ya vifungo.

"Anaitwa Canela. Ni wako."

"Mimi? Nitamlisha nini?"

"Unachokula wewe, ila kidogo. Na usiku alale na wewe, si sandukuni. Nyumba yako ina baridi ya mtu mmoja."

Hivyo ndivyo Hortensia alivyoingia katika mambo ya mbwa. Yote aliyoyajua mwanzo aliyapata juu ya lile paa, kati ya kamba za nguo na matangi ya maji: namna ya kumpasha joto mtoto aliyezaliwa amepoa kwa chupa ya maji moto iliyofungwa kitambaa, namna ya kumnywesha maziwa tone kwa tone, na kwamba jike mdogo kupita kiasi hapandishwi, hata watu wakikupigia magoti, kwa sababu vichwa vya watoto vitamuua. Ofelia alimfundisha pia kumshika mbwa kabla ya kumtazama. Macho hudanganywa na shampuu, alisema, vidole havidanganywi.

Ofelia alipojifungua binti yake Leticia, Hortensia ndiye aliyembeba mtoto mbele ya padri siku ya ubatizo. Kuanzia siku hiyo wakawa komadre, mama mzazi na mama wa ubatizo. Na komadre, kwa watu wa Puebla, si neno la kupita njiani. Ni mtu unayemchagua mbele ya madhabahu, mnaitana hivyo hata mkiwa mmekasirikiana, mlango wake hubishi hodi, na kumwangusha ni aibu ambayo hata maadui zako watakuonea haya.

Miaka ikaenda, na wawili hao wakaachana mwendo bila kugombana. Hortensia alikuwa na ulimi, na alikuwa na muda, maana duka la vifungo halikimbizi mtu. Alijiunga na chama cha wafugaji, wajukuu wa Canela wakaanza kushinda Puebla, kisha Guadalajara, kisha mpaka jiji kuu. Ukuta wa duka ukajaa riboni hata wateja wakadhani zinauzwa. Baadaye akasomea uamuzi. Alitembea nyuma ya waamuzi wazee misimu mingi akibeba mikoba yao na kumeza dharau zao, mpaka siku alipopewa ulingo wake mwenyewe. Wakaanza kumwita Lima na Bogotá. Alirudi na zawadi za Ofelia kila safari, hilo tusimnyime.

Na Ofelia? Ofelia alikuwa sokoni. Mbwa wake walikuwa wazuri, mara nyingi wazuri kuliko wa Hortensia, lakini daima walitoka wa pili au wa tatu. Nitasema bila kuficha: waamuzi wengi, wakiambiwa wamtazame mbwa, humtazama aliyeshika kamba. Ofelia aliingia ulingoni na viatu vya sokoni, ananukia vitunguu na mafuta ya kukaangia, anakimbia kama mtu anayewahi basi. Watu walimramba kisogo. Mama wa cemita kaja, walisema, na mbwa wake wa kujazia mkate. Ofelia aliyasikia, akacheka nao, akarudi tena msimu uliofuata. Alitaka kitu kimoja tu maishani mwake na kila mtu alikijua: bingwa mmoja, mmoja tu, aliyezaliwa juu ya paa la baba yake.

Kisha akazaliwa Capulín. Mweusi, na madoa ya kahawia juu ya macho, mwenye mkia aliouinua mgongoni kwa maringo na mwendo ambao ungekufanya uache unachokifanya. Ofelia alimpeleka Tlaxcala, akashinda. Akampeleka Oaxaca na kwingine, mbele ya waamuzi wageni wasiomjua mama wa cemita wala mama wa nani, akashinda. Kila ushindi ulimpa cheti, na kikabaki kimoja tu awe bingwa. Ila Capulín naye alikuwa anazeeka, na mbwa hawa meno huwatoka mapema. Asiye na meno hana lake ulingoni.

Majira hayo ndipo chama kilipompa Hortensia ulingo wa mbwa wadogo kwenye mashindano ya Puebla. Ofelia akaja dukani, akaegemea kaunta.

"Komadre, nimlete au nisimlete? Niambie wazi. Nisije nikakutia kwenye midomo ya watu."

Hortensia alikuwa anaijua kanuni kwa moyo. Mwamuzi hamhukumu mbwa aliyemzalisha, wala aliyemuuza, wala wa mtu anayelala naye nyumba moja. Juu ya komadre kanuni haikusema kitu, kwa kuwa ilitungwa na watu wasiojua komadre ni nini.

"Mlete," alisema. "Mimi ulingoni sina komadre. Nina mbwa na meza."

"Haswa. Hivyo ndivyo nitakavyo."

"Na usije na aproni yako, mwanamke."

"Nitakuja na taji, malkia wangu. Wewe nawa mikono tu."

Siku ya mashindano ilianza vizuri. Mahema yalikuwa yamepigwa kwenye uwanja wa maonyesho, watu wanachana mbwa juu ya meza za kukunjwa, harufu ya kahawa na unga wa nywele imechanganyika hewani. Msimamizi wa ulingo alikuwa Don Fausto, mzee wa mizaha, ambaye kazi yake ilikuwa kuita namba na kupanga watu. Alimletea Hortensia kikombe cha kahawa, akainama.

"Doña Hortensia, leo kwa chihuahua tungekaa tukapumzika. Zulia lenyewe lishamjua mshindi."

"Una maana gani?"

"Aa, mzaha tu! Komadre kwa komadre, nani atie mkono? Hata wale kule wameshapongezana." Akaonyesha kwa kidevu kundi la wafugaji waliokuwa wanacheka karibu na mlango wa hema.

Hortensia aliweka kikombe chini bila kunywa. Alimkumbuka Don Anselmo Huesca, mwamuzi aliyempa zawadi mbwa wa shemeji yake, mbwa aliyestahili kabisa, na watu wakamcheka mpaka hakuna mji uliomwita tena. Alimaliza uzee wake akiwatazama mbwa kupitia uzio, na mkate wa kulainisha kwenye kahawa. Miaka yote ile ya kubeba mikoba ya watu, kisha iondoke kwa kicheko cha mlangoni?

Chihuahua wakaingia. Ofelia alikuwa na viatu vipya, nywele amesukwa na Leticia, hana aproni. Ilikuwa mara ya kwanza watu kumwona hivyo, na wengine hawakumtambua. Pembeni yake alisimama Mhandisi Olavarrieta kutoka jiji kuu, na dume lake jeupe Príncipe, dogo mno, zuri la kuchorwa, lenye macho makubwa na manyoya yaliyopigwa brashi nywele moja moja.

Príncipe alipowekwa mezani, Hortensia alipitisha vidole kama ilivyo kawaida, kichwani, kinywani, mgongoni, miguu ya nyuma. Chini ya kidole gumba chake kifupa cha goti kiliteleza pembeni, kikarudi, kama kifungo kilicholegea uzi. Goti baya. Mbwa huyo baada ya muda atachechemea, na watoto wake watachechemea.

Kisha Capulín. Hortensia alimshika, na mikono yake ikajua yote kabla hajafikiri neno. Mifupa imekaa ilipotakiwa, magoti imara, mgongo umenyooka, kifua kipana chini ya yale manyoya meusi. Jino moja dogo la mbele lilikuwa limeshatoka, jambo la kawaida kwa umri wake, na hakuna mwamuzi mwenye akili timamu ambaye angeliona jino hilo kuwa kosa kubwa kuliko goti linaloteleza. Alimwambia Ofelia amtembeze aende na kurudi. Capulín alitembea kama mwenye uwanja. Hortensia aliwahukumu mbwa wengi tangu hapo na kabla ya hapo, na mpaka leo ukimwuliza atakwambia hakupata kumwona chihuahua akitembea vile.

Kule mlangoni wale wafugaji walikuwa wameacha kucheka. Walikuwa wanasubiri.

Ofelia hakumtazama mwamuzi. Alikuwa anamtazama mbwa wake, na uso wake ulikuwa umetulia kabisa, kama mtu aliyefika nyumbani.

Hortensia alinyoosha mkono kwa Mhandisi. Wa kwanza, Príncipe. Wa pili, Capulín.

Makofi yakalipuka, na makofi yale hayakuwa ya Príncipe. Yalikuwa ya Hortensia. "Mwanamke wa haki huyo!" mtu mmoja akapaza sauti. "Hata komadre wake hakumsaza!" Don Fausto alimtazama kwa heshima ambayo hajawahi kumpa. Mhandisi akamshika mkono kwa mikono miwili.

Ofelia alisogea kuchukua riboni yake. Mshiriki ana haki ya kuuliza sababu, naye akauliza, kwa sauti ya kawaida.

"Jino la mbele," Hortensia akasema. "Limepungua moja."

"Ni kweli, limepungua." Ofelia akamchukua Capulín mkononi. "Ahsante, señora mwamuzi."

Hakusema komadre. Hortensia alilisikia pengo la neno lile kuliko alivyosikia makofi yote.

Ofelia angemtukana ingekuwa nafuu. Angekuja dukani akavunja vioo, akamwita mnafiki na muuza ndugu, wangelia, wangekula pamoja, yangekwisha. Lakini Ofelia hakugombana. Alimsalimia akimkuta njiani, alimuulizia afya, alimpelekea tamale za unga wa mahindi siku ya sikukuu ya mtaa kwa mkono wa Leticia, zimefungwa vizuri. Ila hakuingia tena dukani, na Hortensia akajikuta anabisha hodi kwenye mlango ambao hajawahi kuubishia.

Leticia ndiye aliyemfumbua macho. Alikuja kununua uzi mweupe, akabaki amesimama baada ya kulipa.

"Mama wa ubatizo, nikuulize kitu? Kweli lilikuwa jino?"

Hortensia akajitia kupanga maboksi. "Mwamuzi ndivyo alivyoona, mwanangu."

"Sawa." Binti akakunja mfuko wake. "Ujue mama angeweza kwenda Veracruz mwezi ule kabla ya Puebla. Mwamuzi alikuwa Mchile, tena shabiki wa mbwa weusi. Nilimwambia tuondoke, nimeshapata na usafiri. Akakataa. Akaniambia cheti cha mwisho lazima kitoke mkononi mwa komadre, maana hiyo mikono kaifundisha mwenyewe, na anataka siku moja ilisemee paa lake mbele za watu. Alikusubiri wewe."

Hortensia alifunga duka saa nne asubuhi, jambo ambalo hakulifanya hata alipofiwa na mumewe, akaenda moja kwa moja nyumbani kwa Ofelia. Siku hiyo Ofelia hakwenda sokoni; alimkuta anaanua nguo. Akamweleza bila kupumua kwamba yako mashindano Xalapa, mwamuzi ni mtu makini, Capulín atapita bila shida, yeye atagharimia, atampeleka mwenyewe ikibidi.

"Hashindani tena," Ofelia alisema. "Juzi kang'olewa meno manne, yalikuwa yameoza. Anakula uji sasa."

"Ofelia..."

"Wala si kosa lako, ni mbwa wadogo hawa. Unawajua." Akamkabidhi ncha moja ya shuka ili wakunje pamoja, wakakunja, kisha akamshukuru kwa kumtembelea.

Kuna watu wakikosea hupunguka. Hortensia aliongezeka. Habari ya Puebla ilisambaa mpaka Monterrey, kwamba yuko mwanamke asiyejua undugu ulingoni, na mialiko ikaja kuliko wakati wowote. Kila alikokwenda walimsimulia kisa chake mwenyewe kwa kumvika kilemba cha ukoka, na yeye anatabasamu huku moyo unamkata. Usiku, hotelini, alikuwa anavishika vidole vyake kama vya mtu mwingine. Capulín akafa kifo cha uzee, wala Hortensia hakuambiwa. Alisikia kwa muuza maua.

Mwisho wa mwaka uliofuata chama kiliandaa chakula cha mchana cha Jumapili, kumtunuku. Walikula mole, ule mchuzi mzito wa pilipili na chokoleti, wakanywa, kisha mwenyekiti akasimama na sahani ya shaba iliyochorwa jina lake. Kwa uadilifu, alisema, na kama kawaida akaanza kusimulia siku ile ya komadre. Hortensia akainuka kabla hajamaliza.

"Si hivyo," alisema. "Yule mweusi ndiye aliyekuwa bora. Bora kuliko wote mliowahi kuniletea. Jeupe lilikuwa na goti bovu, nikalishika kwa vidole hivi, nikajua. Nilimnyima Ofelia Tecuapetla cheti chake kwa sababu niliwaogopa nyinyi. Niliogopa mtanicheka. Hapakuwa na uadilifu wowote pale. Palikuwa na woga."

Uma wa mtu ulianguka sakafuni. Mhandisi Olavarrieta, ambaye Príncipe wake alikuwa ameshafanyiwa upasuaji wa magoti yote mawili, alikuwa wa kwanza kusimama. Akaanza kupiga makofi. Akafuata mwenyekiti, kisha Don Fausto huku anajifuta macho, kisha ukumbi mzima ukawa wima. "Huo ndio ujasiri!" walisema. "Nani mwingine angesema hivyo?" Wakamkumbatia mmoja mmoja, wakamtia sahani ya shaba mikononi kwa nguvu, na mtu wa Querétaro akamwomba palepale aje awahukumie mbwa wao mwezi wa tatu.

Hortensia hakungoja kahawa. Alitoka nusu anakimbia, kifua chepesi kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu, akakata mitaa mpaka sokoni. Jumapili Ofelia alikuwa anafunga kazi jioni, na bado alikuwa na watu wachache kwenye foleni. Hortensia akapita pembeni, akasimama kwenye kona ya meza.

"Nimesema," akamwambia. "Leo, mbele ya wote. Nimesema Capulín ndiye alikuwa wa kwanza. Nimesema la goti, nimesema niliogopa. Kila kitu."

Ofelia alikuwa anakata parachichi. Hakusimamisha kisu, lakini alipunguza mwendo.

"Mbele ya chama chote?"

"Chote."

"Na Mhandisi alikuwepo?"

"Alikuwepo."

Ofelia akapanga vipande juu ya nyama, akafunika na mkate, akaubana kidogo kwa kiganja. Uso wake ulikuwa umelainika, na Hortensia aliliona hilo, akaanza kutumaini.

"Nao wakasemaje?"

Hapo Hortensia angeweza kudanganya.

"Walisimama," alisema. "Walipiga makofi."

Ofelia akaitikia kwa kichwa polepole, kama mtu anayesikia habari aliyoitarajia.

"Kwa hiyo wamekupigia makofi tena."

Akafunga ile cemita kwenye karatasi, akampa mkononi kama anavyompa mteja yeyote, akamgeukia mtu aliyekuwa anafuata kwenye foleni na kumuuliza anataka na pilipili au bila pilipili.